Kumfukua babu wa Marekani wa kabla ya 1776: njia tuliyopita sisi

Kwetu Marangu mtoto akitaka kujua babu wa babu yake ni nani anapelekwa kwa mzee flani wa ukoo, anakalishwa kigodani, anahesabiwa majina mpaka mbege inaisha. Upande wa mama yao wanangu hamna mzee wa hivyo. Mke wangu ni Mmarekani mweusi, kwao North Carolina, na alichokuwa nacho ni majina ya bibi zake wawili pamoja na stori moja ya familia kwamba "sisi hatukuwahi kuwa watumwa", stori ambayo mimi moyoni nilikuwa naiona ya kujikweza tu ila nilinyamaza maana ukweni huwa hatubishani. Miaka minne ya kufukua makaratasi baadae, babu yao tunajua alikuwa anakaa wapi miaka ya 1760, nyumbani kwake walilipiwa kodi watu wangapi, na shamba lake lilipakana na la nani.

Naandika hii kwa sababu wengi wetu huku Marekani tumeoa na kuolewa, watoto wanarudi na homwek ya mti wa ukoo, upande wa Bongo unajaa wenyewe kwa simu moja ya WhatsApp, upande wa pili wanachora alama ya kuuliza. Elewa kitu kimoja tu kabla hujaanza. Zama za ukoloni wa Muingereza, yaani kuanzia Jamestown 1607 mpaka uhuru 1776, makoloni mengi hayakuwa na cheti cha kuzaliwa, kwahiyo utakachokuwa unakimbiza ni ardhi, kodi, na kesi. Na jina peke yake sio ushahidi, hilo nitalirudia mpaka unichoke.

Hatua ya 1: Anza na walio hai, tena leo

Usikimbilie intaneti. Mpigie mama mkwe, shangazi zake, yule mjomba anayekaa peke yake, washa rekoda ya simu na uombe ruhusa kwanza. Kosa langu la kwanza lilikuwa kuuliza "babu yako aliitwa nani", wanakujibu "Big Papa" halafu kimya. Swali lililofungua mdomo wa kila mtu lilikuwa "mlikuwa mnazika wapi?" Hapo mama mkwe akaanza kutaja kanisa, barabara, nani kalala karibu na nani, kwanini yule mwingine alizikwa mbali, yaani nusu saa nzima hajapumua.

Kusanya na vipeperushi vya misiba, hawa ndugu zetu wanavitunza sana, kile kikaratasi chenye picha ya marehemu na historia yake fupi, kinataja wazazi, ndugu, mahali alipozaliwa, kila kitu. Kama familia inafanya ile mikutano yao ya ukoo ya kiangazi, tafuta fulana za zamani, kuna watu wanachapisha majina ya waasisi mgongoni.

Halafu Biblia. Ukiletewa Biblia ya familia yenye tarehe za kuzaliwa na kufa, usianze na majina, fungua kwanza ukurasa wa mbele uangalie ilichapwa mwaka gani. Kama imechapwa 1840 na kizazi cha kwanza kimeandikwa 1765, kwa wino uleule na mkono uleule mpaka chini, basi mtu alikaa siku moja akanakili kutoka kumbukumbu au kutoka kitabu kingine. Bado ni mali, ila sio sawa na mtu aliyeandika usiku mtoto anazaliwa.

Hatua ya 2: Sensa, ukirudi nyuma kumi kumi

Marekani wanahesabu watu kila miaka 10 tangu 1790 na majina yanafungwa miaka 72, kwahiyo mpya kabisa iliyo wazi kwa sasa ni ya 1950, ilifunguliwa Aprili 2022. Ingia FamilySearch, tovuti ya kutafuta ukoo ya kanisa la Wamormoni la Salt Lake City, ni bure, unafungua akaunti tu. Ancestry ni ya kulipia ila maktaba nyingi za mitaa wanayo, unaenda unatumia pale pale bila senti.

Tembea 1950, 1940, 1930 unashuka. 1900 inakupa mwezi na mwaka wa kuzaliwa. 1890 ruka, karibu yote iliharibika baada ya moto wa Washington 1921, kila mtu huku ana kovu la 1890. 1880 ni tamu, inasema huyu ni nani kwa mkuu wa kaya na wazazi wake walizaliwa jimbo gani. 1870 ndo ya kwanza kuwataja kwa majina watu wote weusi waliotoka utumwani. 1850 na 1860 zinataja kila mtu huru kwa jina, weupe na weusi. Chini ya 1850 unaona jina la mkuu wa kaya tu, wengine ni vijistari kwenye safu za umri.

Sasa wenye ndugu waliokuwa watumwa, 1870 ndo ukuta. Sensa za watumwa za 1850 na 1860 zinataja jina la mmiliki, halafu watumwa ni umri, jinsia na rangi, basi. Njia ya kupita pale inaanza na Freedmen's Bureau, ile idara ya kuwahudumia waliotoka utumwani, iliyofanya kazi 1865 mpaka 1872, mikataba ya kazi, ndoa, mgao wa chakula, humo unapata jina la aliyekuwa bwana, na ukishampata unaanza kusoma mirathi yake yeye na hati zake za ardhi, kwa sababu watu waliorodheshwa humo kwa majina, katikati ya ng'ombe na vitanda, na bei pembeni. Mke wangu kuna siku alifunga laptop akaenda kulala saa moja jioni. Jiandae na hilo kabla hujawaita watoto waje kuangalia.

Sisi bahati yetu ile stori ya familia haikuwa ya kujikweza. Sensa ya 1850, kaunti ya Warren, North Carolina, wapo, majina kamili, mume, mke, watoto sita, safu ya rangi imeandikwa herufi M, yaani mulatto, chotara. Huru miaka 15 kabla ya vita vya wenyewe kwa wenyewe kuisha 1865. Nilimwomba mama mkwe msamaha ambao hakujua ni wa nini.

Katikati hapo kuna vyeti vya vifo. North Carolina walianza kuandikisha jimbo zima 1913, kwahiyo bibi aliyezaliwa 1845 akafa 1920 cheti chake kinaweza kutaja wazazi wake, na hapo umeruka vita nzima kwa karatasi moja. Angalia tu nani alitoa taarifa. Mkwe aliyefiwa anajua jina la mke wake, la bibi yake mkewe anabahatisha.

Hatua ya 3: Kutoka 1850 kushuka mpaka 1790, hapa wengi wanazama

Hapa ndo watu wanaanza kuokota majina. Umempata John wa 1850 ana miaka 75, unatafuta John wa 1800, ukikuta John yeyote unamkumbatia kama mtoto aliyepotea. Usifanye. Mimi nilifanya, nikanakili mti wa mtu mtandaoni ambao ulinipeleka mpaka kwa lodi wa Uingereza mwenye nembo ya simba, nikaprinti, nikaweka kwenye fremu sebuleni. Miezi mitatu baadae mtoto wangu wa darasa la tano ndo aliyegundua kwamba mama mmoja pale katikati alimzaa mwanae akiwa na miaka 9. Fremu ilishuka, msumari bado upo ukutani.

Kwahiyo badala ya jina fuata kundi. Mtu hahami peke yake, hanunui shamba bila shahidi, haoi bila mdhamini. Ukiona majina matano yaleyale yanamzunguka babu yako 1850, na hayohayo yanamzunguka John flani 1800, ndo unaanza kupumua.

Nyaraka za kipindi hiki ni hizi. Orodha za kodi, kila mwaka, na uzuri wake ni kwamba unaona kijana anaingia na mzee anatoka. Virginia wanazo za mali binafsi kuanzia 1782, na kwa kuwa sensa yao ya 1790 ilipotea, orodha hizo ndo zilizotumika kuiziba. North Carolina wana dhamana za ndoa kuanzia 1741 mpaka 1868, bwana harusi anaweka dhamana na mtu wa pili anasaini, na yule wa pili mara nyingi ni kaka au baba wa bibi harusi, kwahiyo ukiona jina la mdhamini usilipite, hapo ndo utapata ukoo wa mwanamke ambao kwingine haupo. Virginia pia walilazimisha weusi huru wajiandikishe, mijini kuanzia 1793 na kaunti kuanzia 1803, wakaandikwa umri, urefu, kovu liko wapi, na alizaliwa huru au aliachiwa na nani. Sheria ya kidhalimu, ila leo utasoma kwamba babu alikuwa na kovu juu ya jicho la kushoto, kitu ambacho babu zangu mimi wa Marangu sina.

Na ukiona babu ana umri wa kupigana kati ya 1775 na 1783, tafuta faili la pensheni ya vita vya uhuru, liwe la mweupe au la mweusi, maana weusi huru wa North Carolina walipigana. Yale ya mwanzo yaliungua ofisi ya vita ilipowaka moto Novemba 1800. Ila sheria ya 1832 ilimpa pensheni karibu kila aliyetumikia miezi sita na zaidi, sharti asimame mahakamani aeleze maisha yake, alizaliwa wapi, lini, aliishi wapi baada ya vita, yaani ni wazee wa miaka 80 wanahojiwa kabisa. Kuanzia 1836 na wajane wakaanza kudai, wakatakiwa kuthibitisha ndoa, na wengine wakachana ukurasa wa Biblia wakautuma Washington. Zipo mpaka leo ndani ya mafaili, zimeskaniwa. Kama Biblia ya familia yenu inakosa kurasa za katikati, pengine ziko huko.

Hatua ya 4: Kabla hujavuka 1776, jua kaunti ilikuwa inaitwaje

Hii fupi lakini ukiikosa unapoteza mwaka. Mtu anakaa shamba moja maisha yake yote na makaratasi yake yako kaunti nne, kwa sababu kaunti zilikuwa zinazaa. Mfano wetu: Warren ya leo ilipatikana 1779 ilipopasuliwa kaunti ya Bute, nusu ikawa Warren nusu Franklin, na Bute ikafutika kwenye ramani. Bute yenyewe ilitoka Granville 1764. Granville ilitoka Edgecombe 1746. Edgecombe ilitoka Bertie 1741. Kwahiyo hati ya 1770 itakuwa imeandikwa Bute, sio Warren, na kaunti ya "Bute" ukiitafuta kwenye ramani ya leo ya North Carolina huioni ng'o.

Maktaba ya Newberry ya Chicago ina atlasi ya bure mtandaoni ya mipaka ya kaunti za zamani, unaweka tarehe inakuonyesha. Fanya hivyo kwa kila mwaka unaotafuta, andika kwenye karatasi ubandike juu ya meza. Uliza pia kama mahakama ya kaunti iliungua. Kuna kaunti kadhaa za Virginia zilipeleka madaftari yao Richmond yakatunzwe salama wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, na Richmond ikaungua Aprili 1865. Wakikwambia imeungua usikate tamaa, hati za mgao wa ardhi za koloni zilitunzwa makao makuu, sio kwenye kaunti, na majirani wanaweza kuwa upande wa pili wa mpaka ambako moto haukufika.

Hatua ya 5: Ndani ya koloni lenyewe

Inategemea na koloni, na hapa tofauti ni kubwa.

Babu akiwa wa New England, yaani Massachusetts na majirani zake, umelala kwenye godoro. Massachusetts waliamuru tangu 1639 miji iandike kuzaliwa, ndoa na vifo, na rekodi za miji mingi mpaka 1850 zimechapishwa vitabu kwa alfabeti. Kama ni wale waliokuja na Mayflower 1620 ndo kabisa, abiria walikuwa 102 na karibu nusu walikufa msimu ule wa kwanza wa baridi, waliobaki wamechambuliwa mpaka vitukuu. Pennsylvania, kama ni Wajerumani, kuna orodha za meli na viapo vya utii kuanzia 1727. Kama ni Maquaker, wale Marafiki, wamisionari wao ndo walifika Kaimosi kule Kenya 1902, basi mikutano yao ya kila mwezi iliandika kila kitu, nani kaoa, nani kahamia kwa barua, nani kafukuzwa kwa kuoa mtu wa nje.

Kusini ni jasho. Parokia za Anglikana ziliandika lakini rejista nyingi zimepotea, kwahiyo ardhi ndo mkombozi. Soma hati zote, sio ile ya kununua tu. Ukiona mtu anauza shamba na hujaona aliponunua, huenda alirithi, kwahiyo angalia nani mwingine alikuwa na shamba hilohilo kabla yake. Mke alitakiwa kukubali mahakamani kuachia haki yake ya ujane, ile theluthi moja, na hapo ndo jina lake linapotokea. Mipaka inaandikwa kwa miti na vijito, kuanzia mwaloni mweupe mpaka mdomo wa kijito, kisha hatua kadhaa mpaka kona ya flani. Mtu wa Kilimanjaro haitaji kufundishwa hii, ni masale na mwembe wa jirani. Kipimo chao cha pole ni futi 16 na nusu, chora kwenye karatasi, panga mashamba ya majirani kama vipande vya chemshabongo, utaona nani alikaa karibu na nani. Sisi tulimpata baba yake John hivyo, sio kwa wosia, bali kwa kona ya shamba iliyotajwa kwenye hati ya mtu mwingine kabisa.

Halafu kodi ya kichwa. North Carolina ya ukoloni mwanaume mweupe alihesabiwa akifika miaka 16, ila weusi na machotara huru walihesabiwa kuanzia 12, wanaume kwa wanawake, na hata mke mweupe wa mtu mweusi alitozwa. Ulikuwa uonevu mtupu, watu walipeleka mpaka maombi ya kuufuta. Kwa mtafutaji sasa, orodha hizo za Granville zinakutajia mke kwa jina, binti kwa jina, wakati jirani mweupe mke wake haonekani kabisa. Na mtoto anapoingia kwenye orodha kwa mara ya kwanza unapata mwaka wake wa kuzaliwa kwa kukadiria.

Wosia ukiupata usifurahi haraka. Mtoto mkubwa anaweza asitajwe kwa sababu alishapewa ardhi yake zamani, kwahiyo kutotajwa sio kwamba sio mtoto. Aliyekufa bila wosia soma orodha ya mali, mnada, nani kanunua nini, mjane akinunua kitanda chake mwenyewe, na wanaume wawili wasiojulikana wakinunua vyombo vya jikoni, chunguza kama sio wakwe.

Na madaftari ya mahakama, haya hakuna anayetaka kuyasoma maana hayana faharasa, na ndo yenye nyama. Virginia kulikuwa na sheria ya 1662 kwamba mtoto anafuata hali ya mama yake, mama mtumwa mtoto mtumwa, mama huru mtoto huru. Mwaka 1691 wakaongeza kwamba mtoto wa mwanamke mweupe na mwanaume mweusi afungwe utumishi mpaka miaka 30, 1705 wakasogeza mpaka 31. Kwahiyo parokia na mahakama zinaandika: mtoto flani, wa mama flani, apelekwe kwa bwana flani. Familia nyingi za weusi huru wa Virginia na North Carolina zilianzia hapo, mtafiti Paul Heinegg amezifuatilia mamia kwa staili hii na kazi yake iko bure mtandaoni, angalia kama jina lako limo kabla hujahangaika. Sisi tulikuta amri ya kumfunga mtoto utumishi, jina la ukoo ndo hilohilo, mama katajwa, upande wa Virginia wa mpaka. Kwahiyo "hatukuwahi kuwa watumwa" ni kweli, ila mtoto yule, kama kweli ni wa kwetu, alitumikia mpaka miaka 31 bila mshahara, na hiyo sehemu stori ya familia iliiacha njiani.

Hatua ya 6: Jifunze kusoma kama karani wa 1740

Tarehe kwanza. Mpaka 1752 mwaka wa Waingereza ulikuwa unaanza 25 Machi, sio Januari, kwahiyo Februari 1731 yao ni 1732 yetu, ndo maana unaona 1731/2. George Washington aliandikwa kazaliwa 11 Februari 1731/2, leo wanasherehekea 22 Februari 1732. Mwaka 1752 wenyewe walilala tarehe 2 Septemba wakaamka tarehe 14. Maquaker walikwepa majina ya miezi wakawa wanaandika kama sisi, mwezi wa kwanza, mwezi wa pili, ila wa kwanza wao ulikuwa Machi. Ukiona 7ber ni Septemba, 8ber ni Oktoba. Mtu aliyezoea saa mbili asubuhi ya Kiswahili na saa nane ya wazungu hapotei hapa.

Herufi: s ndefu inafanana na f. Jno ni John, Wm ni William, Xpher ni Christopher. Alama ya X na neno "his mark" maana yake hakujua kuandika, kwahiyo spelingi ya jina ni ya karani, usiniambie "sisi tunaandika kwa E, wale ni kwa I kwahiyo sio ndugu zetu".

Undugu ndo mtego mkubwa. Junior na Senior wanaweza kuwa mtu na mjomba wake, au watu wawili tu wa mtaa mmoja, mkubwa na mdogo. "Cousin" anaweza kuwa mpwa. "Mother in law" inaweza kuwa mama wa kambo. "Orphan" ni aliyefiwa na baba hata kama mama yupo hai anapika, yaani yatima kama tunavyomjua kwenye dini ya Kiislamu, na akifika 14 anajichagulia mlezi mahakamani, kwahiyo umri unaupata hapo.

Hatua ya 7: Mashine, DNA na miti ya watu

FamilySearch tangu 2024 wana utafutaji wa maandishi yote, mashine inasoma mwandiko wa mkono wa hati za ardhi na mirathi. Imebadilisha mchezo. Tafuta jina la jirani, sio la babu, weka na jina la kijito. Ikikupa jibu fungua picha usome mwenyewe, mashine nayo inasoma F badala ya S.

DNA inasaidia ila sio mganga. Kila kizazi damu inagawanyika nusu, baadhi ya mababu wa vizazi saba nane nyuma hawajakuachia hata chembe. Mfano mzuri tunaujua wote Afrika Mashariki. Obama, upande wa baba tunaujua mpaka Kogelo, ila upande wa mama yake, Ann Dunham wa Kansas, unaingia ndani kabisa ya ukoloni. Mmoja ni Jonathan, alizaliwa Massachusetts akiitwa Singletary, akahamia Woodbridge, New Jersey, na huko makaratasi yakawa yanamwita Dunham, sasa ungemtafuta kwa jina moja ungemwona kafa njiani. Mwingine ni John Punch, mtumishi mweusi aliyetoroka Virginia 1640 na wenzake wawili weupe, Mholanzi na Mskochi, wakakamatwa Maryland, wale wakaongezewa miaka, yeye akahukumiwa kutumikia maisha yake yote. Ancestry walipotangaza 2012 kwamba Obama ni uzao wake kupitia ukoo wa Bunch, hawakuwa na karatasi inayosema Punch ndo baba wa Bunch wa kwanza, walikuwa na DNA ya wanaume wa ukoo huo, jina linalofanana, mahali na wakati. Kwahiyo walisema kuna uwezekano mkubwa, hawakusema ndiyo. Na wewe kwenye mti wako andika hivyohivyo.

Miti ya watu itumie kama fununu ya kijiweni, nenda kathibitishe. Na hata kitabu chenye jalada la dhahabu, alikuwepo jamaa wa New York anaitwa Gustave Anjou, kafa 1942, alikuwa anawauzia matajiri nasaba feki, na mpaka leo watu wananakili.

Hatua ya 8: Andika kila kiungo

Kwa kila mtoto na mzazi andika sentensi moja: najua huyu ni mtoto wa huyu kwa sababu gani. Taja kaunti, daftari, ukurasa, picha namba ngapi. Ukishindwa kujaza hiyo "kwa sababu", weka alama nyekundu usiendelee juu. Andika na ulipotafuta ukakosa, la sivyo utasoma daftari lilelile mara tatu kama mimi.

Sisi nyekundu yetu ipo moja, kati ya yule mtoto aliyefungwa utumishi Virginia na mwenye shamba wa Granville. Jina sawa, umri unakubali, mashahidi wawili wanafanana, ila hamna karatasi inayowaunganisha. Limebaki daftari moja la mahakama, halina faharasa, kurasa mia tatu na kitu. Mke wangu anasoma zenye namba witiri, mimi shufwa, jana usiku tulikuwa ukurasa wa 88.